Sufuria ya ndizi kwa ndugu ng'ambo ya Mutukula: Ipike, ifunge, ifike ya moto

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka kila wiki hubeba mizigo ya aina mbili. Upo ule wa kuuza, wenye risiti, wenye faida na hasara yake. Upo pia mzigo wa pili ambao hauandikwi bei popote: chakula alichopika nyumbani kwa ajili ya shangazi, dada, wifi au mama mkwe atakayempokea ng'ambo.

Katika mpaka wa Mutukula, unaounganisha Mkoa wa Kagera na Uganda, mzigo huo wa pili mara nyingi ni ndizi. Kwa anayetoka Bukoba ni ndizi zilizopikwa pamoja na maharage au nyama katika sufuria moja. Kwa anayetoka Masaka au Kyotera, chungu cha namna hiyo huitwa katogo.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwa mfanyabiashara, methali hiyo ina hesabu ndani yake. Ndugu wa ng'ambo ndiye anayekupa kitanda usilipe nyumba ya wageni, anayekutunzia marobota ya vitenge mpaka soko lifunguliwe, na anayekupigia simu usiku kukueleza kuwa bei ya maharage imeshuka, hivyo usipakie bado. Huwezi kumlipa fedha kwa hayo, maana ataona umemtukana. Chakula atakipokea kwa mikono miwili.

Hata hivyo, zawadi hiyo hiyo inaweza kumletea hasara anayepewa. Ikienda mbichi, inaweza kupeleka ugonjwa kwenye migomba yake. Ikienda imepikwa kisha ikapoa njiani, inaweza kupeleka ugonjwa kwenye matumbo ya watoto wake. Makala haya yanaeleza namna ya kukwepa yote mawili.

Mpaka ulichorwa, jiko likabaki moja

Anayetazama ramani anaweza kudhani Mto Kagera ndio mpaka wa Tanzania na Uganda katika eneo hili. Sivyo. Mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani waligawana eneo la magharibi mwa Ziwa Victoria kwa kufuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mstari huo ulipita juu ya ardhi bila kujali mto, mashamba wala koo.

Ndiyo sababu leo ukivuka daraja la Kyaka kuelekea kaskazini bado uko Tanzania, na ukifika Mutukula hukuti mto wala mlima wa kukuonyesha kuwa nchi imebadilika. Lugha za pande mbili zinakaribiana, koo zina majina yanayofanana, na migomba imezunguka nyumba huku na kule.

Tofauti ipo kwenye namna ya kupika. Buganda wanapenda kumenya ndizi, kuzifunga ndani ya majani ya mgomba, kuzipika kwa mvuke na kuzikanda ndani ya majani hayo hayo. Bukoba wanapenda ndizi ibaki nzima, iive ndani ya mchuzi wa maharage, nyama au samaki. Lakini mtu wa upande wowote akiwekewa sahani ya mwenzake hahitaji kuelezwa anakula nini.

Kwa nini ipikwe kabla ya kuvuka

Swali la kwanza ambalo mfanyabiashara huuliza ni hili: Kwa nini nihangaike kupika alfajiri wakati ninaweza kupakia mkungu mzima, ndugu akajipikia?

Jibu ni mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu unasababishwa na bakteria. Ulianza kujulikana Ethiopia, kwenye mmea uitwao enseti ambao ni jamaa wa mgomba. Mwaka 2001 ulibainika Uganda, na mwaka 2006 ukabainika Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani unakuta zimeoza na kuwa na rangi ya kutu. Shina likikatwa hutoa ute wa manjano.

Hakuna dawa ya kuutibu mgomba ulioshikwa. Mkulima hubaki na kazi ya kung'oa, kuchoma panga kwa moto au kulisafisha kwa jiki kabla ya kugusa shina jingine, na kuondoa ua la dume mapema kwa mti wenye panda ili wadudu wasiusambaze.

Ugonjwa huo husafiri kwa panga, kwa wadudu, kwa machipukizi na kwa sehemu za mgomba zinazohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Hapo ndipo zawadi inapoingia. Mkungu uliokatwa kwenye shamba lenye ugonjwa hautangazi habari zake. Majani mabichi yaliyotandikwa chini ya mkungu yakitupwa nyuma ya jiko la shangazi, na maganda yakamwagwa shambani kama mbolea, umempelekea maradhi yanayoweza kumaliza shamba lililolisha watoto wake kwa miaka mingi.

Moto unaua bakteria hao. Ndizi iliyoiva ndani ya sufuria haina mnyauko wa kumpelekea mtu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba maganda yabaki kwako, majani mabichi yabaki kwako, na machipukizi yasiguswe kabisa hata kama wifi ameisifu mbegu yako. Kinachovuka ni chakula kilichoiva.

Chakula kinachovumilia safari

Si kila chakula kinafaa kwa safari. Ndizi zilizokandwa bila mchuzi zikipoa hukaza, na hata ukizipasha hazirudii ulaini wake. Wali na pilau vina hatari yake, kwa kuwa mbegu za bakteria fulani hubaki hai ndani ya mchele hata baada ya kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu bakteria hao huongezeka na kutoa sumu isiyoondoka kwa kupashwa. Vyakula vyenye tui la nazi navyo huchacha upesi kwenye joto.

Ndizi zenye mchuzi mzito wa maharage na nyama zina nafuu. Mchuzi hushika moto kwa muda mrefu kuliko chakula kikavu, huifanya ndizi isikauke, na sufuria moja inatosha kuwa mlo kamili. Ukifika huhitaji kumwomba mwenyeji akuongezee mboga.

Vifuatavyo vinatosha watu wanane hadi kumi:

Ndizi za kupika 25 za wastani, zisizoanza kuiva, maharage makavu nusu kilo, nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa kilo moja, vitunguu vitatu, nyanya tano, karoti mbili, pilipili hoho moja, kipande cha tangawizi, mafuta ya kupikia vijiko vinne vikubwa au samli vijiko viwili, na chumvi kiasi.

Nyama isiyo na mifupa si suala la ubahili. Mifupa huchukua nafasi ndani ya chombo na kuacha mapengo ya hewa, na hewa hupoza chakula.

Namna ya kupika

Loweka maharage usiku. Asubuhi mwaga maji uliyolowekea, weka mapya, chemsha kwa moto mkali kwa angalau dakika 10, kisha punguza moto na uyaache mpaka yalainike kabisa. Ule mchemko mkali wa mwanzo una maana, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu maharage yasiyoiva vizuri yana sumu ya asili inayosumbua tumbo.

Katika sufuria nyingine chemsha nyama pamoja na tangawizi na chumvi kwa muda wa saa moja au zaidi, mpaka iwe laini. Usimwage supu yake. Kwa anayesafiri mapema, maharage na nyama vinaweza kuchemshwa jioni ya siku iliyotangulia, vikapoozwa haraka katika vyombo vipana na kuwekwa kwenye friji. Kama huna friji, ni bora uamke mapema zaidi.

Paka mikono mafuta kabla ya kumenya ndizi ili utomvu usikugande. Kila ndizi unayomenya iweke moja kwa moja ndani ya maji isigeuke nyeusi.

Katika sufuria kubwa, kaanga vitunguu, kisha nyanya mpaka ziwe rojo, halafu karoti na hoho. Weka nyama na maharage, kisha panga ndizi juu. Mimina supu ya nyama mpaka ikaribie kufunika ndizi. Funika na uache zichemke polepole kwa dakika 30 hadi 40.

Usikoroge kwa mwiko, maana ndizi zitapondeka na kuwa uji. Shika sufuria kwa vitambaa, uitikise kidogo kila baada ya muda. Wapishi wengi hufunika juu kwa majani ya mgomba ili mvuke usitoke. Hilo halina ubaya ukiwa kwako, ila majani hayo uyaondoe kabla ya kufunga safari.

Acha mchuzi uwe mwingi kidogo kuliko unavyoupenda mezani. Ndizi zitaendelea kunywa mchuzi njiani.

Namna ya kufunga

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri chakula kilichopikwa kitunzwe kikiwa cha moto zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi au kwenye ubaridi usiozidi nyuzi 5. Kati ya hapo ndipo bakteria huzaliana kwa kasi, na shirika hilo linaonya kuwa chakula kilichoiva kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili.

Kwa hiyo hotpoti ndiyo roho ya safari hii. Kabla ya kupakua, mimina maji yanayochemka ndani yake, funga, uache kwa dakika 10. Mwaga maji hayo, kisha pakua ndizi zikiwa bado zinatokota. Jaza mpaka karibu na mfuniko. Hotpoti kubwa iliyojaa nusu hupoa upesi kuliko ndogo iliyojaa kabisa.

Funga mfuniko, zungushia kamba usilegee, kisha ifunge kwa kanga mbili au blanketi na uiweke ndani ya kikapu. Usiifungue njiani kuangalia. Kila ukifunua unatoa moto ambao hautarudi.

Hotpoti hazilingani. Ijaribu yako nyumbani kabla ya kuiamini: ijaze maji yanayochemka, ifunge kama utakavyoifunga siku ya safari, ifungue baada ya saa unazotarajia kusafiri. Chota maji kwenye kikombe uguse kwa kidole. Kama kidole kinaweza kutulia ndani ya maji hayo, hotpoti hiyo haiwezi safari yako.

Hesabu ya saa

Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni karibu kilometa 80, na kutoka Mutukula hadi Masaka ni karibu kilometa 90. Barabara ni ya lami, lakini gari husubiri abiria, husimama vituoni, na mpakani kuna foleni. Aliyepakua saa 12 asubuhi ahesabu kwamba mfuniko utafunguliwa Masaka saa 5 au saa 6 mchana. Anayeendelea hadi Kampala aongeze karibu kilometa 130 na msongamano wa magari wa kuingia mjini.

Wanaopitia Rusumo kwenda Rwanda, au Kabanga kwenda Burundi, wana mtego mwingine. Nchi hizo ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukimwambia dada yako aliye Kigali kuwa utafika saa 7 mchana, mkubaliane ni saa 7 ya nani. Chakula kilichofungwa hakirudishi saa nyuma kwa sababu umevuka daraja. Hesabu muda tangu ulipopakua, usitegemee saa ya ukutani.

Ukifika, fungua na utazame. Kama mvuke unapanda na chakula kinaunguza ulimi, pakua. Kama umefika na chakula kimeanza tu kupungua moto, kirudishe jikoni mpaka mchuzi utokote kote, hata katikati. Kama kimekuwa vuguvugu kwa saa kadhaa, kimwage. Inauma, hasa ukikumbuka bei ya nyama, lakini zipo sumu za bakteria ambazo haziondoki hata chakula kikichemshwa upya, na wa kwanza kuzidhuru ni watoto wadogo, wazee na wajawazito.

Kwa safari ndefu inayozidi uwezo wa hotpoti, ipo njia nyingine. Nunua ndizi, nyama na mboga katika soko la huko huko unakokwenda, umalizie mapishi katika jiko la mwenyeji. Toka nyumbani na maharage makavu yaliyochambuliwa, kiasi cha mlo mmoja, au samli yako. Utakuwa umekwepa mnyauko na umekwepa chakula kuchacha, na mtapata saa mbili za kukaa jikoni na wifi mkimenya ndizi na kuzungumza, jambo ambalo wasafiri wengi wa biashara hawalipati.

Ukifika forodhani

Kituo cha pamoja cha Mutukula kilizinduliwa rasmi Novemba 2017. Katika utaratibu huo, msafiri huhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja la upande anaokwenda, badala ya kusimama mara mbili. Muda uliopungua kwenye foleni ni muda uliopungua ndani ya hotpoti.

Hata hivyo, ofisa ana haki ya kuuliza na kukagua. Weka chakula mbali na bidhaa za kuuza. Hotpoti iliyochomekwa katikati ya marobota inaonekana kama maficho, na itakaguliwa kama maficho. Ukiulizwa, sema wazi kuwa ni chakula cha nyumbani unachompelekea ndugu. Ukitakiwa kufungua, fungua mara moja, kisha funga haraka.

Wale wanaoficha fedha, simu au vipodozi chini ya chakula wanawaharibia wenzao. Ofisa aliyekuta kitu ndani ya ndizi leo atachokonoa hotpoti ya kila mama kesho.

Pia tofautisha zawadi na biashara. Chombo kimoja cha mlo wa familia kinajieleza chenyewe. Ukibeba vyombo 20 vya kuuza sokoni, hiyo ni bidhaa na ina taratibu zake. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, mfanyabiashara mdogo anaweza kutumia utaratibu rahisi na kupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapo hapo mpakani. Cheti hicho hakimwondolei matakwa mengine ya afya na ubora. Mikungu, machipukizi na mazao mengine mabichi yana masharti ya afya ya mimea, na anayetaka kuyavusha aulize kwanza kwa maofisa wa kilimo walioko mpakani.

Uliza kabla ya kupika

Kabla ya kuwasha moto, piga simu. Wapo wasiokula nyama isiyochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na wapo walio kwenye mfungo. Upo pia mwiko wa ukoo, ambao pande zote za Mutukula wanauita muziro.

Buganda, mtu wa ukoo wa Butiko hali uyoga, na wa ukoo wa Mmamba hali kamongo. Wahaya nao wana miziro yao kwa koo. Mkwe anayejua kwamba umeuliza kabla ya kupika atakumbuka swali hilo muda mrefu baada ya kusahau ladha ya mchuzi. Na mkwe aliyekuta kipande cha uyoga asioruhusiwa kula atakaa pembeni kwa heshima, wengine wakila, na wewe hutajua kwa nini.

Chombo hakirudi kitupu

Pande zote mbili za mpaka, chombo kilicholeta chakula hakirudishwi kitupu. Hotpoti yako itaoshwa, itakaushwa, na asubuhi utakabidhiwa ikiwa na kitu ndani: karanga za kukaanga, kahawa, au senene wakati wa msimu wake.

Vipokee kwa mikono miwili, maana vyote hivyo vimepita kwenye moto au vimekaushwa. Kagua karanga zisiwe na ukungu, kwa kuwa ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo kuchemsha na kukaanga hakuiondoi.

Ukipewa chipukizi la mgomba limefungwa vizuri kwenye gunia, likatae kwa lugha ya upole. Mweleze shangazi habari za mnyauko, kwamba unalilinda shamba lako kama ulivyolilinda lake ulipoyaacha majani nyumbani. Kisha mwombe jambo moja: safari ijayo avuke yeye, na sufuria yake ya katogo, mapema, ikiwa ya moto.